Walisema Ni Sumu

Majina yote ninayo kichwani. Ya watu ninayo, ya mbwa ninayo, hata ya ng'ombe waliotolewa mahari yangu ninayo. Shule niliachia darasa la nne na mwandiko wangu ni wa kujikokota, lakini jina likishaniingia halitoki tena. Hapa sitaandika hata moja. Wenyewe wapo, tunachota maji bomba moja, na nyumba hii ninayoandikia nusura niipoteze kwa maneno tu.

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyoniponza.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya nilikuwa Iyunga, kule Mbeya, kwa binti yangu, nimekwenda kumlelea mtoto mchanga. Wanakaa karibu na barabara kuu. Malori ya Tunduma yakipita, vikombe vinagongana kabatini. Mume wake alikuwa na mtoto wa mbwa, mnene, wa kuchezea na watoto. Siku moja akaacha kula. Kesho yake akatapika povu jeupe, likageuka la njano. Halafu akaanza kuharisha, na ule uharo ukawa damu tupu. Mimi nimechinja kuku na mbuzi maisha yangu yote, nimeosha maiti, nimezalisha wanawake wenzangu, lakini harufu ile sikuwahi kukutana nayo. Ilikuwa kama damu iliyosahauliwa juani juu ya bati, na ndani yake kuna utamu fulani wa kuchefua. Ilinikaa puani hata nilipokuwa nakula.

Bwana mifugo aliyeitwa alikuwa kijana mpole. Aliniona nakodoa macho, akanieleza taratibu, nami nikayashika maneno yake kama ninavyoshika majina. Alisema ugonjwa huu mjini wanauita parvo, unawashika zaidi watoto wa mbwa waliotoka kuachishwa kunyonya. Dawa ya kuuua wenyewe hakuna. Unachofanya ni kumrudishia maji yanayomtoka, ili mwili wake upate muda wa kupigana. Asipewe maziwa. Asilazimishwe kula wakati anatapika. Atengwe na wenzake, apate joto, na pale alipochafua paoshwe kwa ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu ugonjwa unabaki ardhini miezi na miezi. Akamtundikia maji ya mshipa. Kesho yake akafa vilevile. Bwana mifugo akasema tulichelewa kumwita, na kwamba ugonjwa huo una chanjo yake, si ile ya kichaa cha mbwa, ni nyingine kabisa, na inarudiwa zaidi ya mara moja.

Nikarudi Kalenga na maneno hayo. Baadaye kuna siku nilitamani ningerudi mtupu.

Kalenga mimi ni mtu wa kuolewa. Nilitoka Ubena nikiwa msichana. Kiwanja, nyumba na shamba la mahindi kule ukingoni mwa mto ni vya ukoo wa mume wangu, naye alishatangulia. Nimekaa hapo kwa sababu ukoo umeniacha nikae. Kila mjane wa huku analijua hilo, hahitaji kuelezwa. Ng'ambo ya ua wa minyaa anakaa wifi yangu, mdogo wake marehemu, naye pia mjane. Ndiye aliyenipokea siku ile ya harusi na kunicheka jinsi nilivyokuwa naongea Kihehe kwa Kibena. Hajaacha kunicheka. Asubuhi anapitisha kichwa kwenye ua, ananiuliza, "Mbena, umefungua macho au tuite wachimba kaburi?" Nami namwambia kaburi tutachimba lake kwanza, ndilo fupi.

Jioni tulikuwa tunakaa pamoja tunapukuchua mahindi na kuwataja waliotangulia. Yeye anaanza, mimi namalizia. Mwanangu wa kwanza alikufa hajaanza kutembea, hana picha, hana kaburi la saruji. Jina lake tumebaki watu wawili tunaolijua, mimi na wifi yangu. Akilitaja yeye, najisikia kwamba mtoto yule alikuwapo kweli, sikumwota.

Sasa niseme habari ya mbwa. Watani zetu wanapiga kelele kwamba Iringa mbwa ni kitoweo. Waje wakati mahindi yanabeba waone. Shamba lisilo na mbwa linavunwa na ngedere na nguruwe pori, wewe unakuja kukusanya mabua. Mbwa huku hanunuliwi kwa fedha, unamchukua kwa kuku au kwa chumvi, ukitoa fedha watasema atakufa. Na jina lake hapewi hivi hivi. Ukiwa na neno na jirani humwendei mlangoni kugombana. Unampa mbwa wako jina, kisha asubuhi unamwita kwa sauti, na jirani huko aliko ameshapata barua yake. Wifi yangu kanisema kwa midomo ya mbwa miaka na miaka. Nimewasikia wote, nimewacheka wote.

Mwaka huo jike wake alizaa. Watoto walikuwa wengi, wazuri, na watu walishaweka ahadi zao. Kabla hawajagawiwa, mtoto wa kiume wa wifi yangu, anayefanya biashara ya mchele Chimala, akaja kumsalimia mama yake. Akaleta mtoto wa mbwa mwingine kwenye boksi, wa rangi ya kahawia, miguu minene. Alisema ni mbegu ya mbwa wakubwa, alimpata kwa wafugaji wa kule Usangu. Yule mbwa alishuka kwenye basi anatapika. Watu wakasema amelewa gari. Wakamweka na wenzake, akala nao sufuria moja, akaharisha, siku chache akafa, wakamzika kwenye migomba. Mimi siku hizo nilikuwa na homa, nilimwona mara moja tu kwa mbali. Mwenye mbwa akarudi Chimala kwenye mchele wake.

Kisha ikaja zamu ya wifi yangu ya mgowe, kazi ya kulimiana kwa zamu. Tukapalilia shamba lake kundi zima, ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukaletwa, watu wakanywa wakaimba, na jioni wakaondoka na watoto wao wa mbwa mikononi. Kila nyumba na wake. Kalibaki kajike kamoja keusi, kadogo kuliko wote, ambako hakuna aliyekataka.

Wiki hiyohiyo nilikwenda gulioni nikanunua sumu ya panya. Panya walikuwa wamelitoboa ghala langu mpaka magunia yanavuja. Nilinunua mchana kweupe, mbele ya wanawake wa kitongoji, tukataniana na muuzaji kama ni kali au ni unga wa muhogo. Na siku chache nyuma yake, mtoto mmoja wa mbwa alikuwa ameingia uani kwangu akanyakua kifaranga, nami nikasema kwa hasira kwamba wakija tena watanitambua. Maneno ya kila siku. Nani hasemi hivyo?

Wakaanza kufa.

Walianza nyumba ya juu, njia ya kwenda makumbusho, wakaja nyumba ya balozi wetu wa nyumba kumi, wakaja kwa fundi baiskeli. Wote ni wadogo, wote wanatapika, wote damu. Habari zilinifikia bombani. Niliposikia damu, nilitua ndoo. Nikaenda mpaka kwa balozi kumpa pole, na kabla sijafika mlangoni nikaisikia. Ile ile ya Iyunga.

Mke wa balozi alikuwa amempakata mtoto wa mbwa, mumewe anamkamua mdomo, wanammiminia maziwa yaliyokorogwa na yai bichi na mkaa uliosagwa. Hiyo huku ndiyo dawa ya sumu, kila mtu anaijua, hata binadamu akinywa sumu ndiyo anayopewa. Nikawaambia waache. Nikasema si sumu, ni ugonjwa, maziwa yatammaliza, mpeni maji yenye chumvi kidogo na sukari, kidogokidogo. Balozi akasimama na kikombe mkononi. Akanijibu kwa heshima, maana ni mwanangu kiukoo, kwamba mbwa wao walichanjwa wote, serikali ilipita, hata mama yao alichanjwa. Nikamwambia ile ni chanjo ya kichaa, haizuii huu. Akasema, "Mama mkubwa, mbwa akishachanjwa kachanjwa."

Nikaondoka nikimsikia mke wake akiuliza nyuma yangu, taratibu lakini nisikie: "Sasa yeye anakataaje maziwa?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa shimo nililosimama kando yake.

Siku zilizofuata kila nilichosema kilinigeukia. Niliwaambia kama ni sumu ya panya, mbona wakubwa hawafi, sumu inachagua umri? Wakasema wadogo ndio wanaookota vya chini karibu na kwangu. Niliwaambia sumu yangu iko darini, ndani ya kopo nililolitoboa tundu la panya tu, waje waone. Hakuna aliyekuja. Niliwaambia paka wangu anakula panya kila siku, kama sumu imezagaa angekuwa wa kwanza kuvimba miguu juu, na yule pale anaota jua. Mwanamke mmoja bombani akaniangalia, akaangalia ndoo yake, akasema, "Na huyo paka wako, bibi, ni paka kweli?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikacheka nao, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na uso wangu. Nikaiacha ndoo ikifurika. Unajua huku kwetu neno kama hilo linakwenda wapi. Linaanza na paka, linafika kwenye macho mekundu ya mama mzee aliyepuliza moto wa kuni maisha yake yote, na likifika hapo hakuna anayesikiliza tena habari ya kopo la darini.

Wifi yangu hakusema chochote. Hicho ndicho kilichonikata. Asubuhi kichwa hakikutokea kwenye ua. Nikamwita, "Wifi, leo huniziki?" Nikasikia ufagio wake unasimama, kisha ukaendelea.

Siku iliyofuata niliona ametupa kitu kwenye jalala lake, karibu na minyaa. Ni kale kajike keusi. Kalikuwa kamelala ubavu, macho yameingia ndani, na mdomoni maziwa yamegandamana na unga wa mkaa. Nikafikiri kamekufa. Nzi walikuwa wameshakazonga. Kisha mbavu zikainuka.

Nilipita kwenye ua nikachanika mkono. Nilikafunika na kanga, nikakaingiza jikoni kwangu. Ningependa kuandika kwamba niliona huruma. Huruma ilikuwapo, lakini nilichokuwa nacho zaidi ni hofu. Niliwaza hivi: kakipona kwa maji na chumvi tu, bila maziwa, bila mkaa, wataona kwa macho yao kwamba ni ugonjwa. Kakifa, basi na mimi nimekwisha. Nilikashika kale kambwa kama mtu aliyeanguka mtoni anavyoshika jani.

Nilichemsha maji, nikaweka sukari na chumvi kama tunavyowafanyia watoto wanaoharisha. Kijiko kilikuwa kikubwa kwa mdomo ule, kwa hiyo nikachovya kitambaa safi, nikakakamulia tone kwenye shavu, nangoja kameze, tena tone. Kakatapika. Nikangoja, nikaanza upya. Kakatapika tena. Nililia kwa uchungu, nikakaambia, "Wewe mbwa, ukinifia mimi naenda wapi?" Nilikaweka kwenye kikapu karibu na mafiga, chupa ya maji ya moto imefungwa kwenye gauni langu la zamani. Uharo ulitoka na kutoka. Nilifuta, nikachoma matambara, nikamwaga ile dawa ya nguo sakafuni mpaka macho yangu yakawasha. Kuku niliwafungia. Nilipotoka nje nilibadili kandambili. Siku nzima napita kati ya moto na kikapu, sijala, sijaenda shamba, na ngedere huko wanajichumia.

Nikampigia simu binti yangu. Akasikiliza, akasema, "Mama, achana na huyo mbwa, panda basi uje Iyunga. Hao watu watakuumiza." Nikamwambia nikipanda basi sasa hivi, nimekiri. Na makaburi yangu namwachia nani? Akaanza kulia, nami nikakata simu, si kwa hasira, salio lilikuwa linaisha na bado nilikuwa sijamwambia kitu cha maana.

Kuna asubuhi niliyoamka nikamkuta kikapuni ametoa ulimi, mkavu kama gome. Nikakaa chini na kanga begani kama mtu wa msiba. Nikachovya kitambaa kwa mazoea tu. Ulimi ukasogea, ukalamba. Ukalamba tena. Nikachovya tena. Mchana ule hakutapika. Jioni akanyanyua kichwa akanisikiliza nikipiga chafya. Siku nyingine akasimama, miguu inapishana kama ya mlevi wa ulanzi, akanywa uji mwepesi wa mchele bila kitu chochote. Yule kijana wa Iyunga alisema wapo wanaopona hata bila kuguswa na wapo wanaokufa na maji ya mshipa juu yao. Kwa hiyo sijui kama nilimponya mimi. Najua tu kwamba alipona mikononi mwangu.

Nilimchukua kwenye kanga nikapita naye bombani makusudi. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Nilisema, "Mwoneni. Maji na chumvi."

Walirudi nyuma, kila mmoja na ndoo yake, kama nimebeba nyoka. Kabla ya jua kuzama, neno lilikuwa limeshazunguka kitongoji kizima: mwenye sumu ndiye mwenye dawa yake. Wa kwetu wote wamekufa, wa kwake kapona. Angejuaje kumponya asingejua alichompa?

Nilikaa jikoni na yule mbwa miguuni, ananitafuna pindo la gauni, ana njaa ya kupona. Nilimwangalia nikawaza ningekuacha jalalani. Nililiwaza kweli.

Mzee wa ukoo, shemeji yangu, akaja mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, akanisalimia kamwene kwa upole, akauliza habari za Iyunga, akasema mjini ni pazuri kwa mtu wa umri wangu, hospitali iko karibu. Akasema Jumamosi ukoo utakaa, na ingependeza kama nitakuwa nimeshaamua mwenyewe. Hakutaja mbwa hata mara moja. Alipotoka aliugusa mhimili wa mlango, akaupima kwa kiganja kama mtu anayewaza nani atakayeingia humo.

Kesho yake nilikwenda mjini Iringa kwenye ofisi ya mifugo. Nilikaa kwenye benchi tangu wanafungua. Bwana mifugo wa hapo aliponifikia nilikuwa nimeyapanga maneno, lakini yaliyotoka yalikuwa hovyo, nikachanganya Iyunga na Kalenga, paka na sumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Bibi, unataka nije kuwatibu mbwa?" Nikamwambia mbwa wamekwisha. Nataka uje unitibu mimi.

Alikuja Jumamosi na pikipiki. Ukoo ulikuwa umeshakaa uani kwa shemeji, na majirani waliofiwa na mbwa wamejaa ukutani. Wifi yangu alikaa kati ya wanawake, shuka la begani amelivuta mpaka kidevuni. Bwana mifugo akamwangalia yule mweusi, akawauliza watu dalili, akawauliza umri wa waliokufa, akaitikia kwa kichwa. Akawaeleza yote niliyoyasema mimi, na zaidi. Akasema sumu ya panya haitoi ugonjwa unaotembea nyumba hadi nyumba kwa kufuata watoto wa mbwa wa tumbo moja. Akawaambia chanjo ya kichaa ni ya kichaa. Akawaomba nyumba zilizopata msiba huu zisilete mtoto wa mbwa mwingine mpaka muda mrefu upite, na akija, achanjwe kwanza chanjo yake.

Watu wakaitikia kwa vichwa. Niliona hawajaamini, wanangoja aondoke. Mtu mmoja akasema ukutani, "Ugonjwa hautoki hewani, bwana. Kuna aliyeuleta."

"Ni kweli," bwana mifugo akasema. "Huletwa. Kuna mtoto wa mbwa aliyeingia hapa kutoka nje, kabla hawa hawajaugua?"

Yule wa kahawia akanijia kichwani, nami nilikuwa sijamhesabu hata mara moja. Nikamtazama wifi yangu. Nikaelewa wakati ule ule kwa nini kichwa chake kilikuwa hakitokei kwenye ua. Alijua. Pengine alijua tangu wa kwanza anakufa, au alianza kujua kidogokidogo, kama mtu anavyojua ana uvimbe na haendi hospitali. Akiitikia, nyumba zote zile zitamgeukia mwanawe, zitadai mbwa wao na mahindi yao yaliyoliwa, na kijana huyo ndiye tegemeo lake lililobaki. Akinyamaza, mimi naondoka. Alinitazama. Hakunipa ishara ya ndiyo wala ya hapana. Macho yake yalikuwa yanaomba, na sikujua yanaomba niseme mimi ili asiseme yeye, au yanaomba ninyamaze. Mpaka leo sijui.

Nilingoja. Mungu ananiona, nilingoja kadiri nilivyoweza. Shemeji akaanza kujikohoza ili aendelee na mambo mengine, na mambo mengine ilikuwa ni mimi.

Nikasema, "Aliletwa mmoja wa kahawia kutoka Chimala. Kwenye boksi. Alishuka kwenye basi anatapika, akala na hawa sufuria moja, na amezikwa kwenye migomba ya wifi."

Sikumtaja kijana wake. Haikusaidia, kila mtu alimjua. Mke wa balozi akaweka mkono mdomoni. Watu wakaanza kukumbuka mmoja mmoja, ndiyo, walimwona, ndiyo, alikuwa analegea, na mtu akasema alimpakata kwa mkono huu. Kelele zikahama kutoka kwangu kama mvua inavyohama shamba. Wifi yangu akasimama. Alikunja mkeka wake vizuri, akaupitisha chini ya kwapa, akapita mbele yangu akasema kwa sauti ya chini, kwa Kihehe, kwamba sasa nina nyumba, nikae nayo. Akaenda zake.

Shemeji akanipa pole mbele ya watu. Ukoo ukasema suala la Iyunga halipo tena. Bwana mifugo akanishika mkono, akaondoka.

Nyumba ninayo. Balozi ananiita mama mkubwa kama zamani na mkewe ananiletea mboga. Kijana wa Chimala amelipa watu alivyoweza, na haji tena kumwona mama yake mara kwa mara. Jioni napukuchua mahindi peke yangu. Nawataja waliotangulia, naanza mwenyewe na namalizia mwenyewe, na nikifika kwa mwanangu wa kwanza nalitamka jina lake, halafu nasikiliza ng'ambo ya minyaa. Hakuna anayeitikia. Nimeanza kuogopa. Kichwa changu hakijawahi kuangusha jina, lakini nina umri sasa, na siku likiniponyoka hili, wa kumwuliza yuko hatua chache kutoka hapa na siwezi kumwuliza.

Yule mweusi amekuwa mbwa mkubwa. Analinda mashamba yote mawili, langu na lake, hajui mpaka. Sikumpa jina. Watu walikuwa wanangoja wasikie nitamwitaje, wajue ninamsema nani, nami nikanyamaza. Namwita wewe.

Juzi asubuhi nilikuwa nafagia. Mbwa alikuwa upande wa pili. Nikasikia wifi yangu anamwita kwa sauti ile ya kumfikia jirani, jina zima, mara mbili. Nililisikia vizuri na nikalielewa. Ni jina kali, linanihusu mimi, na nililikuta linanichoma mpaka nikashindwa kunyooka. Lakini tangu Jumamosi ile hakuwahi kuninenea chochote, hata pole, hata tusi. Niliweka ufagio chini nikasogea karibu na minyaa. Nikangoja aite tena.